Kabla ya kununua pazia la kuzuia kelele

Msomaji, huenda haya yamewahi kukupata. Umehamia nyumba mpya mwishoni mwa mwezi. Kuta zimepakwa rangi upya, sakafu ni ya vigae vinavyometameta na madirisha ni mapana. Vyombo bado vimo kwenye makatoni. Usiku wa kwanza mtoto anaangusha kijiko nawe unashtuka, ukidhani ni sufuria iliyoanguka. Unapiga simu na aliye upande wa pili anakuuliza kama uko bafuni. Kufikia siku ya tatu kichwa kinakuuma, na watoto wanazungumza kwa kupaaza sauti kama wachuuzi wa sokoni.

Jambo la kwanza ambalo wengi wetu hufanya ni kukimbilia dukani. Huko kuna muuzaji atakayekuambia kwamba pazia lake zito linazuia kelele. Fundi naye atakushauri ubandike sponji ukutani, na rafiki kazini atakuambia ukusanye trei za mayai. Wote watatu wanakutakia mema, lakini usitoe pesa kwanza. Kuna swali moja unalopaswa kulijibu: je, kelele inayokusumbua inazaliwa wapi?

Suala hili si la starehe tu. Katika mwongozo wake wa mwaka wa 1999 kuhusu kelele katika makazi, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kwamba kelele ya mfululizo ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30, na mlio wa ghafla usizidi desibeli 45. Desibeli ndicho kipimo cha nguvu za sauti. Mnong'ono ni kama desibeli 30 na mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Hapa nchini, kanuni za kudhibiti kelele zilizotolewa mwaka wa 2009 chini ya sheria ya mazingira ziliweka kiwango cha desibeli 35 kwa maeneo ya makazi usiku, yaani kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mkazi wa Pipeline au Githurai akizisoma takwimu hizi bila shaka atacheka.

Hata hivyo, mwili hauzoei kelele jinsi tunavyodhani. Unaweza kulala usiku kucha bila kufumbua macho, ilhali kila lori linapopita moyo wako unaongeza mwendo na homoni za wasiwasi zinamiminika katika damu. Asubuhi hukumbuki lolote ila uchovu. Hali hiyo ikiendelea kwa miaka mingi huhusishwa na shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Mwaka wa 2011 WHO ilikadiria kwamba kelele ya magari na vyombo vingine vya usafiri ilikuwa ikiwapotezea wakazi wa Ulaya Magharibi angalau miaka milioni moja ya maisha yenye afya kila mwaka.

PIGA KOFI MOJA

Sasa rudi kwenye chumba chako. Funga mlango na madirisha, simama katikati, upige kofi moja kali. Sauti ikikatika papo hapo, chumba hakina shida ya mwangwi. Ikibaki ikizizima hewani kama bati lililogongwa, basi sehemu kubwa ya kelele unayolalamikia unaitengeneza mwenyewe, wewe na watoto wako na televisheni yako. Kuta zinakurudishia tu.

Jaribio la pili lifanye saa zile ambazo kelele hukuudhi zaidi. Zima kila kitu, hata friji kwa dakika chache, kisha ukae kimya. Kinachosikika sasa kinatoka nje au kwa jirani. Tembea polepole ukitega sikio kwenye ukingo wa mlango, kwenye pembe za dirisha na kwenye matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha. Mahali ambapo sauti inapanda ghafla, hapo ndipo mwizi anapoingilia.

Kelele ya kwanza, ile ya mwangwi, hutibiwa kwa vitu laini: vitambaa, godoro, zulia, makochi. Ya pili hutibiwa kwa uzito na kwa kuziba nyufa. Anayezichanganya ni kama mtu anayetibu malaria kwa dawa ya minyoo. Dawa ni nzuri, maradhi ni mengine.

SOMO LA MITO YA VITI

Mambo haya yalianza kupimwa kisayansi mwaka wa 1895 katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani. Chuo hicho kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara katika jumba la makumbusho la Fogg, na ukumbi huo haukufaa kitu. Neno moja likitamkwa liliendelea kusikika kwa takriban sekunde tano na nusu, hivi kwamba mhadhiri hangeweza kumaliza sentensi kabla maneno yake kuanza kugongana. Kazi ya kutafuta dawa alipewa mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Clement Sabine.

Sabine na wasaidizi wake walifanya kazi usiku, wakati mji umetulia. Walibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine uitwao Sanders, wakaipanga ndani ya ule ukumbi mbovu, wakapiga mlio wa kinanda, kisha wakapima kwa saa muda ambao mlio huo ulichukua kufifia. Asubuhi mito ilipaswa kuwa imerudishwa mahali pake. Walifanya hivyo usiku baada ya usiku, wakiongeza mito na kuipunguza.

Alichogundua ni kwamba muda wa mwangwi hutegemea mambo mawili: ukubwa wa chumba, na kiasi cha vitu vinavyofyonza sauti vilivyomo. Kama kipimo chake alichagua dirisha lililo wazi, kwa kuwa sauti ikishatoka dirishani hairudi tena.

Hebu tukitumie kipimo hicho katika chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi. Ukijumlisha kuta, sakafu na dari unapata karibu mita 50 za mraba za simiti. Simiti iliyolainishwa na kupakwa rangi hufyonza kama asilimia mbili tu ya sauti inayoigonga. Kwa hivyo chumba chote kile, kikiwa kitupu, kinafyonza sauti sawasawa na dirisha wazi la mita moja ya mraba basi. Ingiza kitanda chenye godoro, tandika zulia nene, tundika pazia zito lenye mikunjo kwenye ukuta wa dirisha, na utakuwa umefikia mita saba au nane.

Kila unapoongeza ufyonzaji maradufu, kelele inayozunguka chumbani hupungua kwa desibeli tatu. Kutoka moja hadi mbili, mbili hadi nne, nne hadi nane, jumla ni desibeli tisa. Kwa sikio la binadamu, upungufu wa desibeli 10 ni kama kelele kukatwa nusu.

Itazame hesabu hiyo tena, kwa maana ndani yake mna jambo ambalo muuza mapazia hatakuambia. Faida kubwa iko mwanzoni. Mwenye nyumba tupu akinunua zulia moja atasikia tofauti siku hiyo hiyo. Mwenye makochi, godoro na kapeti tayari, akiongeza pazia la pili la bei ghali, atapata desibeli moja au mbili ambazo huenda asizitambue. Kama sebule yako imejaa na bado unasumbuka, shida yako si mwangwi.

NINI CHA KUNUNUA

Kwa wale ambao kofi limewaonyesha kwamba shida ni mwangwi, habari ni njema kwa mfuko. Pazia si lazima liwe jipya. Gikomba, Toi au Kongowea kule Mombasa utapata mapazia mazito ya mitumba, na hata blanketi nene linaweza kushonwa likawa pazia. Zingatia mambo mawili. Kwanza, upana wa kitambaa uwe mara mbili ya upana unaofunikwa ili kiwe na mikunjo mingi. Pili, fimbo ya pazia iwekwe kiasi kwamba kitambaa kitakaa sentimita kumi hivi kutoka ukutani, maana kitambaa kilichobanwa kwenye ukuta hufanya kazi nusu. Pazia la namna hiyo hufyonza karibu nusu ya sauti za kiasi cha usemi wa mtu. Neti peke yake haina kazi hapa, na leso iliyotundikwa ukutani ni pambo tu.

Zulia liwe na manyoya, na likitandikwa juu ya sponji nyembamba au gunia huwa bora zaidi. Zile kapeti za plastiki zinazouzwa kwa mita zinafutika kwa urahisi na zinapendeza, lakini kwa sauti ni sawa na vigae. Mkeka wa ukili hupunguza mlio wa nyayo na vyombo vinavyoanguka, ila mwangwi hauutikisi sana.

Makochi ya kitambaa hufyonza kuliko yale ya ngozi. Na kwa kuwa tumeyataja makochi, vile vitambaa vya kufuma ambavyo ni fahari ya mama zetu havina lawama wala sifa katika jambo hili. Kazi inafanywa na kiti chenyewe.

Watu wengi husahau kuta zinazotazamana. Kuta mbili tupu hupigiana sauti kama watoto wanaorushiana mpira. Inatosha kuuharibu mchezo upande mmoja, kwa kabati la vitabu au rafu yenye vitu vya ukubwa mbalimbali. Mafundi waliojenga nyumba za mawe za Lamu hawakuwa na kipimo cha desibeli, lakini walijenga kuta nene za matumbawe na chokaa, wakaweka vyumba vya faragha mbali na njia, na katika kuta za ndani wakachonga zidaka safu juu ya safu. Sijui kama walifikiria sauti au urembo, lakini ukuta wa namna hiyo hauirudishi sauti kwa mkupuo mmoja. Huitawanya.

Kama unaishi na mzee, anza na chumba anachokaa. Masikio yakishapoteza nguvu, mwangwi huwa adui mkubwa kuliko sauti ndogo. Mzee husikia kwamba unasema lakini hashiki unachosema, nawe ukipiga kelele unaongeza mwangwi. Hata kifaa cha kusaidia kusikia hakimwondolei taabu hiyo, kwa sababu hukuza usemi na mwangwi pamoja. Zulia na pazia katika sebule yake, na kiti chako karibu na chake, vitarudisha mazungumzo ambayo nyumba ilikuwa imeanza kuyakosa.

MTOTO ANAYEJIFUNZA KUSOMA

Mwaka wa 1975 mwanasaikolojia Arline Bronzaft na mwenzake Dennis McCarthy walichapisha uchunguzi kuhusu shule moja ya msingi katika Manhattan, jijini New York. Shule hiyo ilikuwa kando ya reli iliyojengwa juu ya nguzo, na kila baada ya dakika chache treni ilipita na mwalimu akalazimika kunyamaza. Madarasa ya upande mmoja yalitazama reli, ya upande wa pili hayakutazama. Kufikia darasa la sita, watoto wa upande wa reli walikuwa nyuma ya wenzao kwa karibu mwaka mzima katika kusoma.

Kilichofuata ndicho kinachotuhusu. Wenye reli waliweka raba chini ya vyuma, na wakuu wa elimu wakaweka dari ya kufyonza sauti katika madarasa yaliyosumbuka zaidi. Bronzaft alirudi kupima tena, na katika ripoti yake ya mwaka wa 1981 ile tofauti ilikuwa imetoweka. Shule ilikuwa ileile na mtaa uleule. Kilichobadilika ni kelele.

Kwa hiyo kama mwanao anafanyia kazi yake ya shule kwenye meza ya sebuleni, huku televisheni ikinguruma na sakafu ikirudisha kila neno, mtafutie pembe. Pembe yenye kabati la nguo upande mmoja na kitanda upande wa pili ni tulivu kuliko katikati ya sebule, na haigharimu hata shilingi moja.

KISICHOZUIWA NA KITAMBAA

Sasa tuje kwa wale ambao jaribio la pili limewaonyesha kwamba adui yuko nje: baa iliyo ng'ambo ya barabara, matatu zinazopiga honi saa kumi na moja alfajiri, mkesha wenye vipaza sauti, jenereta ya duka.

Ile ngoma ya disko inayokutikisa kifua ina mawimbi marefu. Sauti nzito kabisa ya besi ina wimbi la mita tano au zaidi, kuliko urefu wa chumba chenyewe. Kitambaa cha unene wa sentimita moja hakiwezi kulikamata wimbi hilo, hata kiwe cha velveti ya bei gani. Sauti hizo huzuiwa na kitu kizito, yaani ukuta. Bahati mbaya hakuna pambo la nyumba linaloweza kuwa ukuta.

Sauti nyingine za nje, kama vile mazungumzo, honi na redio, kwa kawaida hazipiti ukutani. Hupita penye ufa. Wataalamu wa sauti wana kanuni ya kushangaza kuhusu jambo hili: tundu linalochukua asilimia moja tu ya eneo la ukuta au mlango halitakuruhusu kupunguza kelele zaidi ya desibeli 20 hivi, hata kama sehemu iliyobaki ni ya chuma kinene. Mlango wa kawaida una urefu wa mita mbili. Chini yake mara nyingi pana mwanya wa sentimita mbili. Hiyo ndiyo asilimia moja yenyewe. Unaweza kununua mlango wa mvule kwa maelfu ya pesa, na ule mwanya wa chini ukaufanya uwe sawa na wa mbao nyepesi.

Kwa hivyo hapa pesa zako ziende mlangoni kabla ya kwenda dirishani. Pigilia kipande cha mpira wa tyubu kuukuu chini ya mlango, kiguse sakafu. Zungusha utepe wa sponji wa kubandika kwenye fremu ili mlango ukifungwa ubane. Dirisha la chuma la kizamani likague pati yake. Mara nyingi imekauka na kupasuka, na kioo kinacheza. Fundi ataweka pati mpya kwa saa chache. Vioo vya luva ndivyo vibaya kuliko vyote kwa sababu haviwezi kufungika sawasawa. Kama mwenye nyumba atakubali kuvibadilisha, hapo utakuwa umefanya jambo kubwa.

Halafu kuna lile lisilogharimu chochote, nalo ni kukihamisha kitanda. Ni wangapi wanalala kichwa kikiwa kimegusa ukuta ambao upande wake wa pili umebeba televisheni ya jirani? Peleka kitanda ukuta wa pili, na ukuta wa jirani uegemeze kabati la nguo lililojaa. Kwa anayeishi Mombasa, feni inayozunguka taratibu hufunika minong'ono na milio midogo ya usiku, maana sikio husumbuliwa zaidi na sauti inayokatika na kuanza upya kuliko ile ya mfululizo. Vizibo vya masikio vya sponji kutoka duka la dawa husaidia pia, ila pamba ya kawaida haisaidii sana, na mama mwenye mtoto mchanga asivitumie usiku.

Anayelala chini ya mabati bila dari anajua kwamba mvua ikinyesha hata redio huzimwa. Pazia na zulia hazitamsaidia sana wakati huo. Kinachohitajika ni dari ya bodi kati yake na bati.

MATUNDU YA HEWA YAACHWE

Hapa naomba usome polepole. Mtu aliyekwisha kuziba mlango na kurekebisha dirisha ataendelea kusikia kelele kidogo, na macho yake yatapanda juu, kwenye yale matundu ya hewa yaliyo karibu na dari. Atashawishika kuyaziba kwa magazeti, matambara au simiti.

Usiyazibe. Matundu hayo yako pale kwa sababu ya uhai wako. Kila msimu wa baridi, mwezi wa Juni na Julai, tunasikia habari za watu waliolala na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, wasiamke. Makaa yanayoungua hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu na humlemaza mtu kabla hajatambua. Jiko la makaa halipaswi kuwa ndani ya chumba cha kulala hata kama matundu yako wazi. Kwa anayepikia ndani, iwe kwa makaa, mafuta ya taa au gesi, kuziba hewa ili kupata kimya ni biashara ya hasara. Chumba kisichopitisha hewa pia hurahisisha kuenea kwa kifua kikuu na huota ukungu kwenye kuta.

Kama unatumia moto wowote ndani, usizibe hata chini ya mlango kabla ya kuhakikisha kwamba hewa ina njia nyingine ya kuingilia na ya kutokea.

SPONJI NA TREI ZA MAYAI

Tulisema tutamrudia fundi wa sponji. Ni kweli kwamba sponji ya godoro hufyonza mwangwi. Ni kweli pia kwamba ikishika moto huwaka kwa kasi ya kutisha na kutoa moshi wenye sumu. Mnamo Februari 2003, katika klabu ya usiku mjini West Warwick, Marekani, fataki za jukwaani ziliwasha sponji iliyobandikwa ukutani ili kupunguza kelele kwa majirani. Watu 100 walikufa. Mnamo Januari 2013 mjini Santa Maria, Brazili, mambo yalikuwa karibu yaleyale: fataki, sponji ya kufyonza sauti darini, na watu 242 wakapoteza maisha, wengi wao wanafunzi wa chuo kikuu.

Chumba chako hakina fataki, lakini kina mshumaa stima zinapopotea, kina jiko la gesi, na pengine nyaya zilizounganishwa ovyo nyuma ya televisheni. Sponji iliyo wazi ukutani haifai katika nyumba ya kuishi.

Trei za mayai ni afadhali kwa bei tu. Ni karatasi nyepesi, haziwezi kuzuia sauti kupita, zinafyonza kidogo sana, na zenyewe huwaka moto. Isitoshe, hukusanya vumbi na kuwa makao ya mende.

Tukiwa kwenye vumbi, yuko msomaji ambaye amekuwa akisubiri tuulize kuhusu pumu. Ana haki. Mazulia na mapazia mazito huhifadhi wadudu wadogo wa vumbi wasioonekana kwa macho, na kinyesi chao huamsha pumu na mafua ya mzio, hasa penye unyevunyevu kama Pwani. Nyumba yenye mgonjwa wa pumu ichague vitu laini vinavyoweza kuondolewa na kufuliwa: pazia la pamba nzito badala ya velveti, zulia dogo la kukunjwa na kutolewa nje badala ya kapeti ya ukuta hadi ukuta. Vifuliwe kwa maji ya moto, nyuzi 60 na zaidi, vikauke juani. Katika chumba anacholala mgonjwa, ni heri mwangwi kidogo kuliko kifua kubana.

ANAYEKAA GHOROFA YA JUU

Imebaki kelele moja ambayo huwezi kuitibu nyumbani kwako, hata ufanye nini. Ni ile ya juu: viti vinavyoburutwa, viatu vya visigino, mtoto anayeruka kutoka kitandani, kinu kinachotwangwa saa tatu usiku. Mgongano huo huingia moja kwa moja kwenye simiti na kusafiri katika jengo zima. Dawa yake iko juu ya sakafu ya jirani, si chini ya dari yako. Zulia nene likiwekwa pale panapogongwa huukata mlio kabla haujaingia kwenye simiti, na vipande vya raba vilivyokatwa kutoka kwa slipa kuukuu, vikigundishwa chini ya miguu ya viti, hunyamazisha kabisa ule mkwaruzo wa meza ya chakula. Kinu kiwekwe juu ya gunia lililokunjwa mara nne.

Sheria ipo, na malalamiko kuhusu kelele yanaweza kufikishwa kwa mamlaka ya mazingira, NEMA, au kwa serikali ya kaunti. Lakini mtu wa ghorofa ya juu mara nyingi hajui kwamba anasikika, na ukimpandia saa sita za usiku ukiwa umekasirika atakuwa na haki ya kukufungia mlango. Nenda Jumamosi mchana. Mwalike ashuke akae sebuleni kwako dakika kumi, watoto wake wakiendelea kucheza huko juu, asikie mwenyewe. Na ukimrudisha kwake, mbebee vile vipande vya raba vikiwa vimekwisha kukatwa, pamoja na gundi.